Kuujua Mji wa Kigoma-Ujiji: Historia, Jiografia na Watu Wake

Somo kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo

Utangulizi

Kazi ya kawaida ya jarida la halmashauri ni kueleza huduma zinazotolewa ndani ya mipaka yake: barabara, maji, zahanati, shule na ushuru. Katika somo hili tunavuka mipaka hiyo kwa makusudi, tukashuka hadi ziwani kuutazama mji ambao wengi wetu tumeufikia kwa safari ya hospitali, ya biashara au ya kupanda treni, lakini wachache tumepata nafasi ya kuusoma.

Sababu ya kufanya hivyo ni rahisi. Maharage ya Kasulu huliwa Mwanga, na dagaa wa Kibirizi huliwa Kibondo. Mvua inayonyesha kwenye milima yetu huishia katika ziwa lile lile linalowapa wakazi wa mji maji na kitoweo. Anayepanga maendeleo ya nyanda za juu bila kuujua mji wa bondeni hupanga nusu ya mambo. Somo hili limegawanywa katika sehemu fupi ili liweze kusomwa nyumbani, darasani au katika kikundi, na mwishoni yamewekwa maswali ya majadiliano.

Mahali ulipo mji

Kigoma-Ujiji uko kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Kiutawala ni manispaa na ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Kigoma. Msomaji asipotoshwe na jina: Ujiji halina uhusiano na neno “jiji”. Majiji ya Tanzania Bara ni Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Ujiji ni nchi ya Wajiji, wenyeji wa ufuo huo, ambao kwa lugha na asili ni ndugu wa Waha wa milimani.

Mji huu una vichwa viwili. Upande wa kaskazini iko Kigoma yenyewe, yenye bandari, stesheni ya reli na ofisi za serikali. Upande wa kusini, kwa mwendo usiozidi kilomita 10, uko Ujiji, mji mkongwe wa biashara wenye misikiti mingi na miembe ya zamani. Katikati yao imejaa mitaa iliyoviunganisha vichwa hivyo kuwa mwili mmoja: Mwanga na soko lake, Gungu, Katubuka, Rusimbi na mingineyo. Rasi ya Bangwe imejitokeza ziwani na kuikinga ghuba ya Kigoma dhidi ya mawimbi. Kaskazini mwa bandari uko mwalo wa Kibirizi, ambapo maboti huondoka kwenda vijiji vya mwambao hadi Kagunga, na Katonga ni mwalo mashuhuri wa wavuvi.

Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali miji ya Kasulu na Kibondo iko juu ya mita 1,200. Msafiri anayetoka Kasulu kwenda Kigoma hushuka zaidi ya mita 400, naye huitambua tofauti hiyo mwilini kabla ya kuiona kwa macho: koti alilovaa asubuhi stendi ya Kasulu huwa mzigo mkononi afikapo Mwanga. Mvua za mkoa huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili au Mei, na kwa mwaka hufikia karibu milimita 1,000. Kiangazi hutawala Juni hadi Septemba, wakati upepo wa kusi unapovuma juu ya ziwa.

Ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika limelala katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kikubwa zaidi. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Maji yake ni karibu asilimia 16 ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya ardhi ya dunia. Nchi nne hulimiliki kwa pamoja: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kongo na Tanzania peke yake zina zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake.

Ukubwa huo huwafanya watu wengi waamini kwamba ziwa haliwezi kudhurika. Imani hiyo si sahihi, na sababu yake imo katika umbile la ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya kina chake haina hewa ya oksijeni, hivyo samaki hawaishi huko. Karibu uhai wote wa ziwa umo katika tabaka la juu. Virutubisho vinavyozama chini hurudishwa juu na upepo wa kusi unapoyachanganya maji, na kwa virutubisho hivyo huishi vijimea vidogo, kisha viumbe wadogo wavilao, kisha dagaa, kisha migebuka wanaowala dagaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kuwa ongezeko la joto limepunguza uchanganyikaji huo wa maji, na kwamba rutuba ya ziwa imeshuka. Ndiyo kusema, hata bila mvuvi mmoja kuongezeka, meza ya samaki imekuwa finyu kuliko ilivyokuwa kwa babu zetu.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, wakitumia taa kuwavuta samaki, na hupumzika siku za mbalamwezi. Ndiyo sababu bei ya dagaa katika masoko yetu hupanda na kushuka kufuata mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika upande wa Tanzania wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Athari ya hatua hiyo haikuishia mialoni, kwa kuwa mwenye genge la dagaa Kasulu au Kibondo naye hutegemea ziwa lile lile.

Maji ya ziwa hutoka kwa njia mbili. Sehemu kubwa mno hupotea kwa mvuke, na kiasi kidogo hupitia Mto Lukuga, karibu na Kalemie, kuelekea Mto Kongo. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa kwa matope na majani, na ziwa likapanda. Mwaka 1878 maji yalikivunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita 10. Kwa sababu hiyo ufuo wa Ujiji ulisogea, na mahali palipokuwa jirani na maji zamani leo pamebaki nchi kavu. Katika miaka ya karibuni mwendo umegeuka: hasa tangu mwaka 2020, maji yamepanda na kufunika sehemu za ufuo, nyumba na miundombinu katika Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie. Ufuo wa ziwa, basi, si mpaka wa kudumu. Anayejenga karibu na maji kwa kuangalia kumbukumbu ya miaka 20 tu hujenga kwa kumbukumbu fupi.

Ujiji kabla ya reli

Zamani za tawala za jadi, nchi ya Buha iligawanyika katika falme kadhaa, kila mmoja ukiwa na mwami wake. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko. Majina hayo hayajafa. Muhambwe leo ni jimbo la uchaguzi, Buyungu nalo lilikuwa jina la jimbo, na Heru Juu ingali ikiitwa hivyo. Chini ya mamwami walikuwapo wateko, wazee wenye mamlaka juu ya ardhi na matambiko yake. Ujiji nayo ilikuwa sehemu ya ulimwengu huo kabla ya kufika mgeni yeyote kutoka pwani.

Biashara ya eneo hili ni ya kale kuliko misafara ya pembe. Huko Uvinza, kusini-mashariki mwa Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na uchunguzi wa akiolojia umethibitisha kuwa chumvi ilichemshwa pale tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumvi hiyo ilisambaa pande zote za ziwa ikibadilishwa kwa samaki, mawese, nafaka, majembe na mifugo. Wafanyabiashara wa pwani walipofika katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hawakulianzisha soko la Ujiji kutoka patupu. Walilikuta soko, wakaliunganisha na Bahari ya Hindi.

Ujiji ikawa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupitia Tabora. Waingereza Richard Burton na John Speke waliifikia mwezi Februari mwaka 1858 kwa njia hiyo hiyo, wakiongozwa na wenye kuijua. Shanga zilitumika sokoni kama fedha. Kiswahili kilivuka ziwa pamoja na bidhaa, kikaenea mashariki ya Kongo, na hadi leo husemwa na mamilioni ya watu huko. Watu nao walivuka kuja upande huu: Wamanyema, Wabwari, Waholoholo, Wabembe, Wagoma. Vizazi vyao vimekuwa sehemu ya Ujiji, na Wamanyema wamefuata reli na njia ya misafara hadi Tabora, Dodoma na Dar es Salaam.

Historia hii ina upande mzito, nao haufai kufichwa. Pamoja na pembe za ndovu, misafara ilibeba watu waliotekwa utumwani, wengi wao kutoka ng’ambo ya ziwa. Mwezi Julai mwaka 1871, David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, alishuhudia huko Nyangwe, katika nchi ya Manyema, wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni. Mamia waliuawa. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na amekata tamaa, na ni hapo Henry Morton Stanley alipomkuta. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Aliyemlaki Stanley wa kwanza njiani alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani. Leo Ujiji ina mnara na makumbusho mahali pa mkutano ule.

Msomaji wa Kasulu na Kibondo aitazame safari hiyo kwa jicho lake. Stanley aliandika kwamba kupita katika nchi ya Waha kulimgharimu sana, maana kila mtawala alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo na shanga. Alilipa mara kadhaa, kisha akaamua kukwepa kwa kusafiri usiku, nje ya njia. Vitabu vingi husimulia habari hiyo kama usumbufu kwa mgeni. Sisi tunaweza kuisoma kama ushahidi kwamba nchi hii ilikuwa na mamlaka, mipaka na kanuni za mapato kabla ya ukoloni.

Reli, bandari na vita

Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala Ujiji mwaka 1896. Baadaye waliipendelea Kigoma, kwa sababu ambayo ni ya kijiografia: ufuo wa Ujiji uko wazi na maji yake ni machache, ilhali ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, iliifikia Tabora mwaka 1912 na Kigoma tarehe 1 Februari 1914, baada ya kilomita zipatazo 1,250. Kuanzia hapo kitovu cha mji kikahama. Ujiji ilibaki na watu na soko, Kigoma ikapata bandari na ofisi.

Mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani, ilikuwa imefunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa kwa bahari na reli, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwezi Februari 1915. Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hili upande wa kusini. Kwa miongo mingi MV Liemba ilikuwa barabara ya vijiji visivyo na barabara, kutoka Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia.

Wabelgiji waliitawala Kigoma kutoka 1916 hadi 1921, kisha wakaikabidhi kwa Waingereza, huku wakibakiza haki ya kupitisha mizigo ya Kongo katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Wajibu huo wa kuwa mlango wa nchi jirani haujaondoka: hadi leo shehena inayokwenda Kongo na Burundi hupita hapa.

Reli ilifungua mlango kwa upande wa pili pia. Chini ya Waingereza, Buha ilihesabiwa kuwa hazina ya nguvukazi. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, watu wengi wa Kasulu na Kibondo walihamishwa na kukusanywa katika makazi mapya, wakiacha nyuma mashamba na makaburi ya wazee wao. Maelfu ya vijana walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa mkataba. Ndio walioitwa manamba, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha wakala wao wa kuwaajiri, uliojulikana kama SILABU. Familia nyingi katika tarafa zetu zina babu aliyekwenda na kurudi, na nyingine zina babu aliyekwenda asirudi. Kuhama kutafuta maisha, kwa hiyo, si jambo lililozuka jana katika wilaya hizi.

Mji unaopokea, milima inayohifadhi

Mji wa mpakani hupokea wageni wa heri na wa dhiki. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walifika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mahali pasipo na maji safi ya kutosha wala vyoo kwa umati ule. Kipindupindu kilizuka. MV Liemba iliwasafirisha hadi Kigoma, wakapokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi kuja Nyarugusu. Mwezi Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena.

Tukio hilo lilionesha kwa vitendo namna ziwa, mji na milima vinavyofanya kazi kama kiungo kimoja. Mji ulipokea kwa siku chache, na milima ikahifadhi kwa miaka. Barabara, zahanati, visima na misitu ya Kasulu na Kibondo vilibeba sehemu ya mzigo ambao ulishuka kwanza bandarini. Ni vema takwimu za huduma katika wilaya hizi zisomwe kwa kukumbuka jambo hilo.

Watu na hesabu zao

Sasa tuingie katika hesabu, kwani hapo ndipo mipango huanzia. Jedwali lifuatalo linaonesha matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 na ya mwaka 2022.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji: 215,458 (2012); 232,388 (2022).
Mkoa wa Kigoma: 2,127,930 (2012), 2,470,967 (2022).
Tanzania: 44,928,923 (2012); 61,741,120 (2022).

Tuzisome namba hizi hatua kwa hatua. Katika miaka 10, manispaa iliongeza watu 16,930, sawa na asilimia 7.9. Mkoa mzima uliongeza watu 343,037, sawa na asilimia 16.1. Taifa liliongezeka kwa asilimia 37.4. Kwa hiyo mkoa ulikua kwa chini ya nusu ya kasi ya taifa, na manispaa ikakua kwa nusu ya kasi ya mkoa.

Matokeo hayo huwashangaza wengi, maana tumezoea kusikia kwamba miji hufurika na vijiji hukauka. Lazima tuulize sababu. Kwa upande wa manispaa, jambo moja la kufikiria ni mpaka wake. Eneo la manispaa ni dogo, na mtu anayejenga Mwandiga, mwendo mfupi kutoka mjini, huhesabiwa katika Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, hata kama kila asubuhi hushuka mjini kufanya kazi. Hivyo idadi ya manispaa hueleza ukubwa wa eneo la utawala, haielezi idadi ya watu wanaoutumia mji. Soko, stendi na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni huhudumia watu wengi kuliko hao 232,388.

Kwa upande wa mkoa, kama ungelikua kwa kasi ya taifa, mwaka 2022 ungelikuwa na zaidi ya watu 2,900,000. Pengo ni la watu zaidi ya 450,000. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa uzazi mdogo. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 uliiweka Kanda ya Magharibi, ambayo Kigoma imo, katika nafasi ya kwanza kwa wastani wa watoto kwa kila mwanamke. Maelezo yanayobaki na uzito ni kwamba watu huzaliwa hapa, wakakulia hapa, kisha wakaondoka kutafuta ardhi na kazi katika mikoa mingine. Njia ya manamba ingali inatembewa, ingawa jina lake halitajwi.

Jambo la tatu ni uwiano wa mji na milima. Mwaka 2012 wilaya ya Kasulu, tukijumlisha halmashauri ya wilaya (425,794) na ya mji (208,244), ilikuwa na watu 634,038. Kibondo ilikuwa na watu 261,331. Kwa pamoja ni watu 895,369, zaidi ya mara nne ya wakazi wa manispaa, na asilimia 42 ya mkoa wote. Halmashauri ya Mji wa Kasulu peke yake ilikaribia kulingana na manispaa. Kwa hiyo si sahihi kuifikiria Kasulu au Kibondo kama kiambatisho cha Kigoma. Kwa watu, uzito wa mkoa uko milimani. Kwa bandari, reli na hospitali ya rufaa, uko ziwani. Barabara ya lami kutoka Kidahwe hadi Kasulu, yenye kilomita 63, ina thamani yake katika kuunganisha uzito hizo mbili.

Mvua ya milimani, tope la ziwani

Mto Luiche hukusanya maji yake katika nyanda za juu za Buha, upande wa Kasulu na Buhigwe, na kuingia ziwani kusini mwa Ujiji. Mto Malagarasi, wenye urefu wa takriban kilomita 475, huanzia katika milima ya mpaka wa Burundi, hupita katika nchi ya Kibondo, huingia katika vinamasi vya Muyovozi, kisha hugeuka magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ilitambuliwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, nayo ilikuwa ya kwanza nchini kupata hadhi hiyo. Vinamasi hivyo huchuja maji ya Malagarasi kabla hayajafika ziwani. Luiche hauna chujio kubwa la namna hiyo. Shamba likilimwa kufuata mteremko leo, tope lake laweza kuwa katika delta ya Luiche kabla ya palizi ya pili.

Tope hilo huleta hasara mara mbili. Kwanza, mkulima wa mlimani hupoteza udongo wa juu, ulio na rutuba yote aliyoirithi. Pili, huko ziwani tope hufunika miamba na mchanga wa kando, mahali ambapo samaki wengi wa Tanganyika hutagia na kulishia. Wengi wa samaki hao hawapatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Mvuvi wa Katonga na mkulima wa Kasulu hawajuani kwa sura, lakini hasara yao ni moja. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika milima yetu ufa ni korongo dogo lililoanza kando ya shamba msimu huu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa, pale zinapoweza kuharibu mazingira. Tunafahamu kwamba katazo hilo ni gumu kwa mwenye eneo dogo, ambaye bonde lenye unyevu ndilo shamba lake pekee la kiangazi. Ugumu huo ni wa kweli, na haumalizwi kwa faini peke yake. Humalizwa kwa mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, ambao wananchi wenyewe huupitisha katika mkutano mkuu, wakikubaliana ni wapi pa kulima, wapi pa kulisha na wapi pa kuachia mto.

Mambo ya kutekeleza

Kutokana na somo hili, mkazi wa nyanda za juu anaweza kuchukua hatua nne.

Kwanza, alime kukinga mteremko, kwa matuta ya kontua na makingamaji, na aombe ushauri wa afisa ugani wa kata yake kabla ya msimu, si baada ya mvua kubwa.

Pili, ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji unapojadili matumizi ya ardhi. Mpango uliopitishwa na watu wachache hulindwa na watu wachache.

Tatu, asajili kila mtoto anayezaliwa na apate cheti kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na ajitokeze kuhesabiwa sensa inapofika. Madawati, dawa na walimu hupangwa kwa namba. Asiyehesabiwa huomba kwa sauti isiyosikika.

Nne, awasimulie vijana historia hii. Kijana anayejua kwamba babu yake alikwenda mkonge kwa mkataba, na kwamba mababu wa babu huyo walitoza ushuru misafara iliyopita katika nchi yao, ataamua kuondoka au kubaki akiwa na ufahamu wa kutosha. Hatuwezi kumzuia asiondoke, wala hatuna haki hiyo. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba haondoki kwa sababu ardhi aliyoachiwa imekwisha kuteremkia ziwani.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini Wajerumani waliipendelea ghuba ya Kigoma kuliko ufuo wa Ujiji? Je, uamuzi huo unaonekana bado katika mpangilio wa mji?

2. Manispaa iliongeza asilimia 7.9 ya watu kati ya 2012 na 2022. Toa sababu mbili zinazoweza kueleza ongezeko hilo dogo, na ueleze ni huduma zipi za mji zinazotumiwa na watu wasiohesabiwa humo.

3. Katika kitongoji chako, maji ya mvua huelekea Luiche, Malagarasi au mto mwingine? Yafuatilie kwa majina ya vijito hadi pale unapoweza kufika.

4. Ni familia ngapi unazozifahamu zilizo na ndugu aliyehamia mkoa mwingine katika miaka 10 iliyopita? Walifuata ardhi, kazi, au jambo jingine?

5. Kijiji chako kina mpango wa matumizi bora ya ardhi? Kama unao, mita 60 za kingo za mto zinaheshimiwa? Kama hauna, ni nani anayepaswa kulileta jambo hilo katika mkutano mkuu ujao?